Johnny English: Kila Kitu Kiwe Serious Isipokuwa Steringi

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Vijana wanaoniletea vichekesho vya kijasusi karibu wote wana tatizo moja: kila kitu wamekifanya cha kuchekesha. Jasusi kavaa kihuni, adui anaongea kikatuni, na muziki nao unazomea. Dakika ya kumi mtazamaji kashachoka. Huwa nawaambia wakaitazame Johnny English ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Peter Howitt, na waiangalie kwa jicho la fundi.

Anzia kwa waandishi. Walikuwa watatu, na wawili kati yao, Neal Purvis na Robert Wade, ndio walioshiriki kuandika James Bond za miaka ileile: The World Is Not Enough ya 1999 na Die Another Day ya 2002. Kwa hiyo walichokuwa wanakitania walikijua nje ndani. Gari ni Aston Martin kweli, suti imekaa, muziki wa Edward Shearmur unapiga kama vile dunia iko hatarini. Adui, Pascal Sauvage, anayechezwa na John Malkovich, ni tajiri wa Kifaransa anayemiliki magereza. Anataka kutwaa taji la Uingereza ili nchi nzima aigeuze gereza. Mpango kama huo ungemtosha Bond mwenyewe.

Kasoro iko kwa steringi peke yake. Johnny ni mtu wa makaratasi ofisini. Jasusi namba moja anakufa kwenye ajali ya nyambizi kwa sababu Johnny hakuhakiki namba za kufungulia mlango wake, kisha majasusi waliobaki wanalipuliwa kwa bomu kwenye mazishi ya mwenzao. Amebaki yeye.

Sasa chukua tukio la gari la maiti. Wezi wa vito vya kifalme wanakimbia na gari la kubebea jeneza, Johnny anawafukuza, katikati ya mbio anawapoteza na kuunga msafara wa gari jingine la maiti. Anafika makaburini, anawavamia wafiwa na kuwasuta kwamba wanaigiza kilio. Sisi watazamaji tumeshajua kuwa msiba ni wa kweli. Yeye hana habari. Kila sekunde anayoendelea kujiamini inatuuma na kutuchekesha kwa pamoja, na ndiyo maana tukio linaachwa lirefuke. Mhariri mwenye haraka angelikata mapema na kuliua. Halafu anatokea msaidizi wake, Bough (Ben Miller), na kumwokoa kwa kudai kuwa ni mgonjwa wa akili aliyetoroka hospitali. Wafiwa wanaamini mara moja!

Rowan Atkinson, anayemcheza Johnny na ambaye wengi wetu tunamfahamu kama Mr. Bean, hakuokota uhusika huu njiani. Mwaka 1983 alicheza ofisa wa ubalozi mwenye wasiwasi mbele ya Sean Connery, aliyekuwa James Bond kwenye Never Say Never Again, na miaka ya 1990 alikuwa jasusi Latham kwenye matangazo ya kadi ya mkopo ya Barclaycard, ambako jina la Bough lilianzia. Mr. Bean hujitenga na watu. Johnny anataka kusifiwa na watu, na kwangu hapo ndipo anapogusa zaidi.

Zilifuata mbili, ya 2011 na ya 2018. Ya 2011 ina mbio ninazozipenda kuliko zote: kijana anakimbia akiruka kuta na kuteleza kwenye majukwaa ya ujenzi kama wafanyavyo kwenye muvi za mapigano za siku hizi. Johnny, ambaye sasa ana umri, hamkimbilii. Kijana akiruka uzio, yeye anafungua geti. Kijana akiteleza hadi chini, yeye anapanda lifti. Kwa mara ya kwanza ni yeye mwenye akili, na picha zinamfuata kwa heshima ileile waliyompa alipokuwa anakosea.