Jumuiya ya ujifunzaji shuleni: ni nini, na mwalimu mkuu anahusikaje?

Jumuiya ya ujifunzaji ni kundi la walimu wa shule moja, au wa shule jirani, wanaokutana kwa ratiba ili kujadili ufundishaji wao wenyewe: mada inayowasumbua, zana walizotumia, swali ambalo nusu ya darasa wamelikosa. Nchini Tanzania jumuiya hizi ni sehemu ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mpango unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Kwenye nyaraka zinaandikwa kwa kifupi JzU, na kwa shule nyingi zimekuwa maneno ya kila siku tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika elimu ya awali, darasa la I na la III.

Walimu wengi tumezoea njia nyingine ya kujiendeleza, nayo ni semina. Barua inakuja, shule inatoa mwalimu mmoja, anakwenda wilayani siku kadhaa, anarudi na kabrasha. Akirudi anapewa muda mfupi mwishoni mwa kikao awaeleze wenzake, na kabrasha linaishia kabatini kwa mwalimu wa taaluma. Semina ina kazi yake, hasa mtaala unapobadilika. Lakini mwezeshaji wa semina hajawahi kuwaona wanafunzi wako. Hajui kwamba darasa lako la IV lina watoto ambao hawajui kusoma vizuri, wala kwamba vitabu ni kimoja kwa watoto watano.

Jumuiya haifanani na kikao cha walimu pia. Kikao kina ajenda zake: utoro, zamu, mtihani wa majaribio, chakula cha wanafunzi. Mwalimu mkuu anafungua, anatoa maelekezo, katibu anaandika, mnaondoka. Kwenye jumuiya ajenda ni moja, na mara nyingi iko mezani inaonekana kwa macho.

Chukua hesabu hii ya kutoa: 402 − 178. Jibu ni 224. Mwalimu wa Hisabati anakuja na daftari za wanafunzi wake, zimejaa alama za kukosa. Wenzake wanazigawana na kuanza kusoma. Baada ya muda, mmoja anasema, "Hebu angalieni, hawa wameandika 376." Mwingine ana daftari zenye 234. Kwa kalamu nyekundu watoto wote hao wamekosa na wamepata sifuri ileile, ila wamekosa kwa njia mbili tofauti kabisa. Aliyeandika 376 anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa popote zilipo: mbili na nane anapata sita, sifuri na saba anapata saba, nne na moja anapata tatu. Huyu bado haoni kwamba 402 ni namba moja. Kwake ni tarakimu tatu zilizosimama jirani. Aliyeandika 234 anajua kukopa. Amekwenda kwenye mamia, akapunguza nne ikawa tatu, akaifanya sifuri ya makumi kuwa kumi, na mamoja yakawa kumi na mbili. Alichosahau ni kwamba kumi moja lilishahamia kwenye mamoja, kwa hiyo makumi yaliyobaki ni tisa.

Ukimrudishia mtoto wa kwanza somo la kukopa umepoteza kipindi, na ukimrudisha wa pili kwenye thamani ya nafasi umemchosha bure. Hapo ndipo jumuiya inapolipa. Mwalimu wa darasa la II anaweza kukumbusha mafungu ya njiti aliyokuwa akiwafundishia watoto haohao: fungua fungu la mia upate mafungu kumi ya kumikumi, kisha fungua fungu moja la kumi upate njiti moja moja. Mtoto anahesabu mafungu yaliyobaki na kuyaona tisa mwenyewe. Wanakubaliana nani afundishe hivyo wiki ijayo, na wawili wengine wakae nyuma ya darasa.

Hao wa nyuma wana kazi maalumu: kutazama watoto. Nani amekwama, kwa hatua gani, amemwuliza nini jirani yake. Mwalimu aliyeko mbele hawezi kuyaona hayo yote, hasa darasa likiwa na watoto themanini. Utaratibu huu wa kuandaa somo pamoja, mmoja akafundisha na wengine wakatazama, ni wa kale huko Japani, na kupitia ushirikiano na JICA, shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, umefika nchi kadhaa za Afrika, Zambia ikiwa mfano mzuri.

Sasa mwalimu mkuu. Watu hudhani kazi yake ni kufungua na kufunga. Kwa maoni yangu ana kazi mbili, na zote ni za uongozi hasa. Ya kwanza ni muda. Jumuiya inayopangwa saa tisa na nusu alasiri, walimu wamefundisha vipindi saba na wengine wana kilomita nne za kutembea hadi nyumbani, itakuwa hai kwa wiki chache tu. Iingie kwenye ratiba kama kipindi, hata kama ni dakika arobaini kwa wiki. Shule yenye walimu watatu haiwezi kufanya hivyo bila kuacha madarasa matupu. Huko inafaa kuungana na shule jirani kupitia Afisa Elimu Kata, na suala la nauli lisemwe mapema.

Ya pili ni usalama wa anayesema. Mwalimu akikiri "mimi hesabu za sehemu hazipandi, naziruka," neno hilo lisije kurudi kwake kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, wala Mthibiti Ubora wa Shule anapokuja. Likirudi mara moja tu, hakuna atakayefungua mdomo tena. Mtakutana, mtapiga picha mmeinamia vitabu, picha itakwenda kwenye kundi la WhatsApp la kata, na taarifa itasomeka vizuri sana. Nimeona jumuiya zenye taarifa nzuri kuliko mijadala yake.

Kumbukumbu ziwepo, ila daftari moja linatosha, mistari minne kila mnapokutana: tatizo lilikuwa lipi, tumekubaliana tujaribu nini, nani atajaribu, na ilikuwaje. Mwezeshaji si lazima awe mwalimu mkuu wala mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa kawaida anayeheshimiwa na wenzake anafaa zaidi, na wapokezane.

Na kwa kuwa walimu wakuu wengi wana vipindi vyao, swali la nani aanze kuleta daftari zenye makosa lina jibu rahisi. Aanze yeye, aziweke mezani za wanafunzi wake, aulize wenzake wanaona nini, kisha anyamaze awasikilize.