Matumizi bora ya oksijeni kwa majeruhi aliye mbali na hospitali

Mtu aliyetulia hutumia takriban robo lita ya oksijeni kwa dakika. Barakoa yenye mfuko, ile anayovishwa majeruhi mahututi, hupitisha lita 10 hadi 15 kwa dakika hiyohiyo. Nyingine zote huenda wapi? Hutoka na pumzi na kupotelea hewani. Hospitalini hakuna anayejali, maana bomba limo ukutani. Porini, mlimani au baharini, mtungi ukiisha umeisha.

Matumizi bora ya oksijeni, basi, ni kumpa majeruhi kiasi anachohitaji, tena kwa muda wote wa safari. Ni hesabu tu. Mtungi wenye lita 680 za gesi, ukifunguliwa lita 15 kwa dakika, huisha baada ya dakika 45. Ukishushwa hadi lita 3 kwa mipira ya puani, unakaribia saa 3 na dakika 45.

Mahututi huanzishiwa kiwango cha juu, kisha hupunguziwa kwa kufuata kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha kwa asilimia kiwango cha oksijeni kwenye damu. Wengi hulengwa asilimia 94 hadi 98; wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu, 88 hadi 92. Ila kipimo hicho kina udhaifu wake. Kidole kikiwa cha baridi husoma vibaya, na kwa aliyevuta moshi wa moto hudanganya kabisa, kwa kuwa hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi. Huyo asipunguziwe, hata kikionyesha 99.

Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani haihitaji mtungi, lakini inataka umeme, na nyingi hukomea lita 5 kwa dakika.

Mgumu zaidi ni mzamiaji aliyepanda juu haraka akapatwa na viputo vya naitrojeni mwilini. Yeye hutakiwa oksijeni iliyo karibu na asilimia 100, kwa hiyo kumpunguzia si njia. Hapo hutumika kifaa cha mzunguko uliofungwa: pumzi anayotoa hupita kwenye chokaa soda, hewa ya ukaa inanaswa, oksijeni iliyobaki inamrudia. Kwa kuongeza lita 1 hivi kwa dakika, mtungi uleule hupita saa 11. Sharti barakoa ibane sawasawa usoni, na chokaa ya akiba iwepo, kwa sababu chokaa huchoka mapema kuliko mtungi.