Tuta la mdomoni ndilo linalochagua mashine: dhana potofu kuhusu kuondoa theluji nyumbani

Mtu anayenunua mashine ya kurusha theluji kwa mara ya kwanza, awe anaishi Portland ya Maine, Minneapolis au Ottawa, huja na swali lile lile: "Hii inaweza inchi ngapi?" Anasoma namba kwenye boksi, anakumbuka theluji ya mwaka jana ilimfika wapi mguuni, analinganisha, analipa. Januari mashine iko kwa fundi, mkanda umeungua, na mwenyewe analalamika kwamba kauziwa takataka. Mashine haikuwa mbovu. Alikosea kipimo.

Dhana: Chagua mashine kwa inchi za theluji inayoanguka

Theluji inayoshuka kutoka angani haimshindi mtu. Kinachomshinda ni tuta ambalo lori la manispaa huliacha mdomoni mwa njia yake ya gari, pale inapokutana na barabara, linapopita kusafisha barabara hiyo.

Piga hesabu. Njia ya gari ya kawaida, magari mawili ubavu kwa ubavu, ni kama mita 6 kwa 12. Ikianguka theluji kavu ya sentimita 15, umepata karibu mita za ujazo 11. Theluji kavu ya baridi kali ina uzito wa takriban kilo 100 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo njia nzima imebeba kama tani 1. Sasa njoo mdomoni. Tuta la upana ule ule wa mita 6, lenye unene wa mita 1 na kimo cha nusu mita, ni mita za ujazo 3 tu. Lakini theluji hiyo imeshindiliwa na jembe la lori, imechanganyika na tope la chumvi la barabarani, na mita yake moja ya ujazo hufika kilo 400 au zaidi. Hizo ni kilo 1,200. Ukanda wa mita moja una uzito kuliko njia yote iliyobaki! Na ukiuacha ulale usiku mmoja, maji yaliyomo yanaganda na unaamka umejengewa ukuta.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mashine yoyote dukani, jiulize lori la manispaa hupita mtaani kwenu mara ngapi, na huacha tuta la kimo gani. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya mashine.

Mashine ya hatua moja ina parafujo, yaani mhimili unaozunguka, yenye makasia ya mpira ambayo hugusa sakafu, hukusanya theluji na kuirusha kwa mzunguko huo huo. Ni nyepesi, kilo 20 hadi 45, upana wake ni inchi 18 hadi 22, na kwenye lami au saruji husafisha mpaka chini kabisa kuliko mashine kubwa. Kwa theluji mpya ya hadi sentimita 20 haina mpinzani. Lakini ikikutana na tuta lililoganda hupanda juu yake badala ya kulikata. Mwenye mashine hulazimika kuinua mishikio na kuishindilia, mkanda unateleza mpaka unaungua. Ile mikanda iliyoungua Januari hutoka hapo.

Mashine ya hatua mbili ina parafujo ya chuma mbele inayokata na kukusanya, na nyuma yake feni inayorusha kupitia bomba. Magurudumu yake yanaendeshwa na injini, uzito wake ni karibu kilo 100, na uzito huo ndio unaoifanya itulie mbele ya tuta. Parafujo yake haigusi sakafu. Ndoo, yaani sanduku la mbele linaloizunguka parafujo, hukaa juu ya viatu viwili vya pembeni vinavyoteleza sakafuni. Kwenye lami teremsha ndoo hadi ibaki nafasi ya milimita 3 hivi. Kwenye kokoto iinue hadi karibu sentimita 3.

Hapo kwenye kokoto pana mjadala ambao haustahili kuwa mjadala. Mashine ya hatua moja haifai kokoto kabisa. Makasia yanayogusa ardhi huokota mawe na kuyarusha kwenye vioo vya magari na kwenye nyuso za watoto. Njia yako ikiwa ya kokoto, chukua ya hatua mbili hata kama tuta lenu ni dogo.

Kwa nyumba nyingi za mjini zenye tuta la kweli, ya hatua mbili yenye upana wa inchi 24 na injini ya cc 200 hadi 250 inatosha. Usipandishe upana bila kupandisha injini. Inchi 30 zikiendeshwa na injini ile ile ya inchi 24 zinaingiza theluji nyingi kuliko feni inavyoweza kutoa, na mashine inakwama tutani wakati ile nyembamba ingepita. Pima pia mlango wa banda na nafasi ya kuihifadhi. Urefu wake hukaribia mita moja na nusu ukihesabu mishikio.

Tuta lenyewe linaweza kupunguzwa, na huu ni ushauri ambao wateja wengi hawautumii kwa sababu hauuzwi kwenye boksi. Marekani na Kanada magari hupita kulia. Ukisimama nyumbani ukitazama barabara, lori la upande wako linatokea kushotoni kwako. (Aliyezoea barabara za Kenya, Uganda au Tanzania asimame hapo nje ahakikishe kabla ya kuanza kazi, maana mazoea yatamwelekeza upande usio wake.) Safisha kando ya barabara, upande huo wa kushoto kabla ya mdomo wako, mfuko, yaani nafasi tupu, wa urefu wa mita 3 au 4. Theluji yako yote irushe upande wa kulia. Lori likifika linatua mzigo wake mfukoni, na linavuka mdomo wako jembe likiwa karibu tupu. Usiirushe theluji barabarani hata siku moja. Ontario na Minnesota sheria zinakataza, na hata pasipo sheria lori litakurudishia.

Dhana: Theluji ikiwa mbichi (yenye maji), punguza moto (kasi ya injini) injini isizidiwe

Kinyume chake. Urefu wa kurusha unatokana na kasi ya feni, na feni inafuata mzunguko wa injini. Ukipunguza moto, theluji mbichi inaanguka ndani ya bomba na kuziba. Injini iwe kwenye moto kamili muda wote. Kinachopunguzwa ni mwendo wa magurudumu: weka gia ya chini, na chukua nusu ya upana wa ndoo kila mkupuo. Nyunyizia silikoni ndani ya bomba na ndoo kabla ya kuanza. Wala usisubiri theluji yote ishuke. Inapofika sentimita 10 hadi 15 toka ukapite mara ya kwanza.

Dhana: Ukizima injini, mkono ni salama

Hii haipaswi kuendelea kusemwa. Bomba likiziba, feni inabaki imeshikwa na theluji huku mkanda ukiwa umekazwa. Unapoondoa theluji kwa mkono, nguvu iliyobaki inaachiwa na feni inazunguka sehemu ya mzunguko, injini ikiwa imezimwa. Sehemu hiyo inatosha kukata vidole. Hutokea zaidi siku za theluji mbichi, nyuzi zikikaribia 0, kwa kuwa ndizo siku za kuziba.

Achilia mishikio ya kuendeshea, zima injini, toa ufunguo, subiri feni isimame kabisa, kisha tumia kijiti cha plastiki kilichobandikwa juu ya ndoo. Kikipotea, nunua kingine kabla hujawasha mashine tena. Glavu haizuii kitu.

Dhana: Mashine ya betri ni ya kuchezea

Ilikuwa kweli zamani. Leo ya betri ya hatua moja inafanya kazi kama ya petroli kwa njia ndogo, haina kabureta wala kamba ya kuvuta. Ila fanya hesabu ya nishati mwenyewe, usitegemee dakika zilizoandikwa. Betri mbili za volti 56 na Ah (ampea-saa) 10 kila moja zinabeba jumla ya kama Wh (wati-saa) 1,100. Mashine ikivuta wati 2,000 tutani, hiyo ni nusu saa tu, na baridi inapunguza zaidi. Zihifadhi ndani ya nyumba, zitoe wakati wa kazi tu, na usizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0, kwa kuwa hapo lithiamu huharibika moja kwa moja.

Ya waya ni nafuu na inafaa njia fupi, mradi waya wa kurefusha uwe wa nje na mnene: geji 14 kwa mita 15, geji 12 kwa mita 30 (geji ndogo ndiyo waya mnene zaidi). Waya mwembamba unapoteza volti na kuunguza mota.

Dhana: Pini ikikatika, weka boliti ngumu isikatike tena

Pini inayoishika parafujo mahali pake imewekwa ili ikatike. Parafujo ikigonga gazeti lililoganda au jiwe, pini ya bei ndogo inakatika na giaboksi inapona. Ukiweka boliti ngumu, kinachokatika ni meno ya giaboksi, na gharama yake huenda ikakaribia bei ya mashine nyingine kuukuu. Weka pini nne za akiba, zilizotajwa kwenye kitabu cha mashine hiyo hiyo.

Dhana: Isipowaka Novemba, mashine imekufa

Mara nyingi ni petroli ya Machi. Petroli yenye ethanoli huanza kuchakaa ndani ya wiki chache, huvuta unyevu na kuacha utando unaoziba vitundu vya kabureta. Msimu ukiisha, funga bomba la mafuta na uache injini iungurume mpaka izime yenyewe, kisha toa masalia yaliyobaki ndani ya bakuli la kabureta. Au tia dawa ya kutunza petroli kwenye mafuta mapya, uendeshe dakika 10 ifike kwenye kabureta. Kuijaza dawa petroli iliyokwisha kuoza hakusaidii. Na unapoijaribu, itoe nje kabisa: monoksidi ya kaboni hujaa bandani hata mlango ukiwa wazi.

Dhana: Chumvi inayeyusha barafu yoyote

Chumvi ya mawe hupoteza makali chini ya nyuzi -9 hivi. Kalsiamu kloridi huendelea kufanya kazi kwenye baridi kali zaidi. Kabla ya kumwaga chochote ondoa theluji kwanza, tumia kidogo, na kwenye saruji ya mwaka wa kwanza tumia mchanga tu. Maji ya moto usiyatumie kabisa. Dakika chache baadaye umejitengenezea uwanja wa kuteleza.

Dhana: Kila nyumba inahitaji mashine

Njia ya gari moja, mita 3 kwa 6, mtaa ambao lori halipiti mara kwa mara: beleshi la kusukumia lenye upana wa inchi 24 na beleshi la kunyanyulia la inchi 18 vinatosha. Sukuma, usinyanyue, kinachovunja mgongo ni kugeuza kiuno huku beleshi limejaa. Mwenye ugonjwa wa moyo, au mtu wa makamo aliyekaa miezi bila mazoezi, asiguse beleshi wala mashine alfajiri ya baridi kali. Amlipe kijana wa jirani, amwonyeshe na ule mfuko wa kushoto.