Koti la jeshi kwa kilti: kabla hujashika mkasi

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja wa Mombasa, anayeoa huku Uskoti, aliniwekea koti mezani akitabasamu. "Fundi, nimeshakurahisishia kazi." Lilikuwa koti la kaki la jeshi la Uingereza, sufu nzito, zuri kabisa. Alikuwa amelikata pindo lote kwa mkasi wa jikoni, mstari mmoja ulionyooka kuzunguka mwili mzima. Mifuko ya chini ilikatika katikati; niliingiza mkono mfuko wa kulia, vidole vikatokea upande wa pili. Nikamuuliza kama alipima akiwa amevaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti. Akasema hapana, alipima akiwa na jinzi.

Ni koti la tatu la namna hiyo kuletwa kwenye meza yangu mwaka huu, na kila mwenye nalo ananiambia maneno yale yale: "Koti la kilti si ni koti fupi tu? Punguza urefu, basi." Hapana. Maneno hayo yameharibu makoti mengi mazuri, na leo nataka nieleze tatizo liko wapi.

Koti la kilti hutambulika kwa mbele yake. Mbele pale inaning'inia sporani, ile pochi ya ngozi, upana wa kiganja hivi chini ya bizimu ya mkanda. Koti la kawaida la jeshi linaifunika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuzifungua pembe mbili za mbele: mkato unaanza chini kidogo ya kifungo cha mwisho, unazunguka taratibu kuelekea ubavuni, na sporani inapata nafasi yake. Urefu wa mgongo ni suala jingine, la baadaye, na mara nyingine halihitaji kuguswa kabisa.

Anayebisha atazame picha za wanajeshi wa vikosi vya Highlands, nyanda za juu za Uskoti, katika vita vya 1914 hadi 1918. Koti lao lilikuwa lile lile la kaki la modeli ya 1902 walilovaa wenzao wenye suruali. Kwa wavaa kilti, pembe za mbele zilikatwa kwa mviringo au kukunjwa nyuma. Mgongo ukabaki na urefu wake. Waliokuwa wakivaa kilti kila siku, kwenye matope na mvua, hawakuona haja ya kukata pindo lote.

Tena fikiria umbo lenyewe. Koti la jeshi limechongwa kiunoni kisha likaachiwa chini ili lipite juu ya nyonga. Ukilikata katikati ya ule mwachio, pindo jipya linabaki pana, halina uzito wa kulivuta chini. Na nyuma ya kilti kuna marinda. Kilti kamili hula zaidi ya mita 7 za kitambaa, na sehemu kubwa imekunjwa nyuma, kwa hiyo koti lililokatwa kwa mstari ulionyooka linakaa juu ya marinda hayo limetanuka kama kawa juu ya sahani. Wageni wataona makalio kabla hawajaona bwana harusi. Mpasuo wa nyuma nao, ambao ulikuwa na kazi ya kufunguka juu ya marinda, unabaki kipande kisichofika popote.

Halafu kuna hili la kiuno. Watu wanavaa kilti kama jinzi, juu ya mifupa ya nyonga, na hapo vipimo vyote vinaharibika. Kilti hukaa juu, usawa wa kitovu au zaidi ya hapo, na pindo lake hugusa katikati ya goti. Ukiishusha, koti litaonekana fupi mno au refu mno na utamlaumu fundi. Ndiyo maana sipokei tena koti peke yake. Njoo na kilti, sporani, mkanda na shati utakalovaa siku hiyo. Asiye navyo namwomba arudi navyo, hata kama ametoka mbali.

Kazi yenyewe naifanya hivi. Nafumua mifuko ya chini kwanza, uzi mmoja mmoja, kisha nawekea kitambaa kibichi na pasi ya moto ili matundu ya sindano yajifunge. Chini ya mfuko sufu huwa bado na rangi yake ya asili, na alama hiyo haifutiki. Kwa hiyo naupanga mviringo wa mbele uimeze kadiri inavyowezekana. Nachora kwa chaki, nakunja ndani, napiga bandi kwa uzi mweupe. Sikati. Mteja anatembea, anakaa kitini, anainua mikono kama anayecheza ngoma ya harusi. Siku ya pili anavaa tena. Hapo ndipo mkasi unafuata mstari, na ninaacha sentimita mbili na nusu za kukunja. Ukingo wa mviringo unapita mshazari wa kitambaa na huvutika kwa urahisi, kwa hiyo ndani nashonea utepe wa pamba kabla ya kurudisha bitana. Asiyeweka utepe huo ataona pembe za koti zimeanza kupinda nje kama sikio la kitabu kabla mwaka haujaisha.

Mgongo ukihitaji kupunguzwa, kwa mtu wa kimo cha wastani naondoa sentimita 10 hadi 15, na pindo jipya nalibana ubavuni. Vipande vinavyotoka nahifadhi vyote. Ndivyo vinavyotengeneza ncha za mikono zile pana zilizochongoka, mtindo wa koti la kilti liitwalo Argyll, na hakuna duka litakalokuuzia kitambaa kilichopauka sawa na koti lako.

Hayo ndiyo makubwa. Mengine yanayoniudhi ni haya.

"Kila koti la jeshi lazima likatwe." Si kweli. Lile blauzi la batledresi, sare ya vitani ya jeshi la Uingereza, la modeli ya 1937, linaishia kiunoni kwa ukanda wenye bizimu, na wanajeshi wa Kiskoti walilivaa na kilti. Liache lilivyo. Rekebisha mbavu na mikono tu. Pia vikosi vya Uskoti vina makoti yao ambayo tayari yamezungushwa mbele, na kwenye maduka ya mitumba ya jeshi yapo. Tafuta hilo kabla ya kununua la kukata.

"Beji na vifungo ni mapambo tu, viache." Uingereza kuna Sheria ya Sare ya 1894, inayomkataza asiye mwanajeshi kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, au vazi linalofanana nayo au lenye alama za kikosi. Mimi natoa kila beji, kila cheo na kila kifungo chenye nembo, naweka vifungo vya pembe ya mnyama. Alama hizo kuna watu walizitolea jasho, na wengine roho. Na kama unapanga kulibeba koti kwenda nalo nyumbani kwa sherehe ya pili, kumbuka kwamba Tanzania, Kenya na Uganda raia kuvaa nguo za jeshi ni kosa. Koti la kaki lenye mabega ya vyeo liache huku huku.

"Nitalipaka rangi nyeusi liwe la jioni." Sufu itapokea rangi, uzi wa poliesta hautapokea, na mishono yote itabaki mistari ya kaki. Maji ya moto nayo yataikaza sufu, koti lipungue. Nunua jeusi.

"Nimechukua kubwa, utalibana." Kiuno nitabana, mikono nitapunguza. Mabega siyawezi kwa bei unayotaka kulipa, kwa sababu inabidi kuifumua mikono yote na kulijenga koti upya. Chagua kwa mabega, mengine niachie.

Kaka wa Mombasa nilimuuliza vipande alivyokata viko wapi. Akapiga simu, mchumba wake akavikuta bado kwenye mfuko wa taka jikoni. Koti lake lisingeweza tena kuwa na mviringo wa mbele, kitambaa hakikuwepo. Nikafumua mabaki ya mifuko, nikapandisha pindo hadi juu ya marinda, na kwa vile vipande nikashona ukanda wa kiunoni kwa mfano wa batledresi, viungo viwili vikiwa ubavuni ambako mkono unavificha. Alama za mifuko bado zinaonekana ukikaribia, kushoto zaidi kuliko kulia. Alilivaa Jumamosi.