Utafiti wa tabianchi na afya ukiambiwa "una upendeleo" maana yake nini

Chukulia unakaa Mathare, mtaa wa mabanda Nairobi, nyumba ya mabati, saa nane mchana mwezi wa pili, mtoto hapumziki juu ya joto. Halafu mtafiti anaandika joto la Nairobi siku hiyo kwa kutumia stesheni ya Dagoretti Corner, kwenye nyasi na miti. Hajadanganya, kipimajoto chake kiko sawa kabisa, shida amepima Dagoretti akaandika Mathare. Watafiti walipoweka vipimajoto ndani ya Kibera, Mathare na Mukuru (walichapisha 2017) walipata kuko moto kuliko hapo stesheni.

Sasa huo ndio upendeleo, na si lazima mtu awe amehongwa. Ni kama mizani ya bucha imelala upande mmoja, mwenye bucha anaweza kuwa mzee wa kanisa na bado itakupunja kila siku upande uleule, hata ukipima nyama mara elfu. Ndio maana mtu akinitajia tu ati utafiti wake ulikuwa na watu wengi, mi sishtuki.

Mfano mzuri ni malaria ya Kericho. Ilirudi kwa nguvu kwenye mashamba ya chai, watu wakauliza kama ni joto. 2002 jarida la Nature likatoa utafiti uliosema hali ya hewa huko haijabadilika kivile, lakini namba zao zilikuwa za kukadiria kutoka stesheni za mbali, na milimani ukipanda kidogo tu joto ni lingine. 2011 wengine wakarudi kwa data ya stesheni ya Kericho yenyewe, wakaisafisha makosa, wakaona joto limepanda kama digrii 0.2 kila miaka kumi. Kwa hivyo ni joto? Pole pole, manake miaka hiyohiyo klorokwini nayo ilikuwa inashindwa na malaria. Usipoiweka dawa kwenye hesabu utalipatia joto lawama, ama sifa, isiyo yake.

Kuna pia wenye hawaonekani kabisa. Mgonjwa wa Nairobi akizidiwa familia inampeleka ushago, akifia huko rejista ya hospitali ya huku haina habari naye. Ndio maana kazi ya APHRC (kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, Nairobi) ya kufuata watu nyumba kwa nyumba Korogocho na Viwandani ina uzito. Na tafiti ambazo hazikupata kitu mara nyingi hubaki kwa droo bila kuchapishwa.

Kwa hivyo kupima ubora wa tafiti ukizikusanya pamoja si kuangalia kama majibu yanakufurahisha. Maswali (joto lilipimwa wapi, nani ameachwa, nini kingine kilibadilika) yanaandikwa kabla ya kufungua utafiti wowote, halafu wasomaji wawili wanasoma kila mtu kivyake, wakikosa kuelewana wanaita wa tatu.