Gesi ya bure na nchi iliyogawanyika: Moldova na Transnistria

Kila ninapozungumzia Moldova, nchi ndogo iliyo kati ya Romania na Ukraine, mbele ya watu, swali linalorudi ni hili: ikiwa vita viliisha mwaka 1992, mbona nchi ingali imekatika vipande viwili? Na kweli vita vyenyewe, kati ya serikali ya Moldova na waliotaka kujitenga wa Transnistria, vilikuwa vifupi. Vilipamba moto Machi 1992, vikawa vikali zaidi Juni katika mji wa Bender, na tarehe 21 Julai Boris Yeltsin wa Urusi na Mircea Snegur wa Moldova wakatia saini mjini Moscow mkataba wa kusitisha mapigano. Tangu hapo Transnistria, ukanda mwembamba ambao sehemu yake kubwa iko mashariki mwa mto Dniester, ina rais wake, sarafu yake, polisi wake na mihuri yake. Hakuna hata nchi moja mwanachama wa Umoja wa Mataifa inayoitambua, Urusi ikiwemo.

Jibu linalotolewa haraka ni ukabila. Mimi silikubali. Upande ule Wamoldova, Warusi na Waukraine wanakaribia kulingana kwa idadi, na upande wa Chisinau, mji mkuu wa Moldova, nako wako wengi wanaozungumza Kirusi nyumbani. Watu wanavuka mto kila siku kwenda kazini, hospitali na sokoni. Klabu ya soka ya Sheriff ya Tiraspol, mji mkuu wa Transnistria, inacheza ligi ya Moldova, na ilipoifunga Real Madrid 2-1 kule Madrid Septemba 2021, kwenye vitabu vya UEFA ushindi ule uliandikwa kwa jina la Moldova.

Jibu la pili ni jeshi la Urusi, na hili lina uzito. Askari wapatao 1,500 bado wako kule, pamoja na ghala la Cobasna lenye takriban tani 20,000 za risasi na mabomu ya enzi za Kisovieti. Mwaka 1999 mjini Istanbul Urusi iliahidi kuondoa majeshi yake yote kufikia mwisho wa 2002. Haikuyaondoa. Lakini askari 1,500, wengi wao wenyeji wa hukohuko, hawawezi peke yao kulisha, kupasha joto na kulipa pensheni za eneo zima kwa zaidi ya miaka 30. Aliyefanya kazi hiyo ni gesi, na hapa naomba tukae kidogo.

Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ilikuwa ikipeleka gesi Transnistria kupitia Moldovagaz, kampuni ambayo Gazprom yenyewe inamiliki nusu ya hisa zake. Utawala wa Tiraspol uliigawa gesi hiyo kwa kaya na viwanda kwa bei ya chini mno, ukakusanya malipo, kisha haukumlipa Gazprom. Fedha zilibaki Tiraspol na kuziba mapengo ya bajeti. Deni liliandikwa kwa jina la Moldovagaz, yaani kwa kampuni ya Chisinau, likafika mabilioni ya dola. Gazprom hakukata gesi. Kila mwezi alipeleka nyingine.

Sehemu kubwa ya gesi hiyo ilichomwa kwenye mtambo wa umeme wa Cuciurgan, mali ya kampuni ya Kirusi, na umeme wake ukauzwa ng'ambo ya pili ya mto. Kwa miaka mingi taa za Chisinau ziliwaka kwa umeme huo. Kwa hiyo serikali iliyokuwa ikisema kila siku kwamba Transnistria ni eneo lake lililotekwa, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa mteja mkuu wa utawala ule. Umeme ulikuwa rahisi, wapiga kura walifurahi, na madalali wa katikati walipata chao. Ongeza magendo: kwa miaka mingi sigara, pombe na shehena za kuku waliogandishwa zilipita Transnistria na kurudi Ukraine bila ushuru. Vigogo wa pande zote mbili walikula hapo. Nani kati yao angekuwa na haraka ya kumaliza mgogoro?

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mageuzi ya Chisinau na suala la Transnistria ni jambo moja. Mwaka 2014 takriban dola bilioni 1, karibu asilimia 12 ya pato la taifa, zilichotwa kutoka benki tatu za nchi ile. Nchi ambayo mahakama zake zinanunulika na benki zake zinakombwa namna hiyo haina cha kumshawishi mkazi wa Tiraspol arudi kwake. Maia Sandu alichaguliwa rais mwishoni mwa 2020 kwa ahadi ya kusafisha mahakama, na chama chake kikapata wingi wa bunge 2021. Uchunguzi wa uadilifu wa majaji na waendesha mashtaka ulipoanza, majaji wengi wa mahakama ya juu kabisa waliona heri wajiuzulu kuliko kueleza mali zao. Kazi hiyo imekwenda polepole kuliko ilivyoahidiwa, na wananchi wana haki ya kulalamika. Hata hivyo Vladimir Plahotniuc, kigogo aliyeishika nchi mkononi hadi alipokimbia 2019, alikamatwa Ugiriki 2025 na kurejeshwa nyumbani kushtakiwa.

Vita vya Ukraine vilikaza kamba. Kuanzia Februari 2022 Ukraine ilifunga mpaka wake na Transnistria, na njia ya magendo ya Odesa, bandari ya Ukraine, ikafa. Bidhaa zote sasa zinapita kwa maofisa wa forodha wa Chisinau. Januari 2024 kampuni za Transnistria zikaanza kutozwa ushuru unaoingia hazina ya Moldova, na mwezi uliofuata wabunge wa Tiraspol wakaitisha mkutano kuiomba Urusi "ulinzi". Waliolalamika hawakupigwa risasi hata moja. Walikuwa wametozwa kodi.

Kisha tarehe 1 Januari 2025 gesi ikakatika. Mkataba wa kupitisha gesi ya Kirusi katika ardhi ya Ukraine uliisha, na Gazprom alikataa kutumia njia nyingine akidai deni. Viwanda vya Tiraspol na vya Rîbnița, mji mwingine wa Transnistria, vilisimama, joto na maji ya moto vikazimwa kwenye majengo ya ghorofa, na mgao wa umeme ukaanza katikati ya baridi kali. Chisinau ilinunua umeme wa Romania kwa bei ya kuumiza, lakini taa hazikuzimika. Umoja wa Ulaya uligharimia gesi ya dharura kwa upande wa pili, ukaahidi na fedha zaidi kwa masharti. Tiraspol ilikataa masharti hayo na kuchukua mkopo wa Kirusi.

Wapo wanaosema sasa Moldova iingie Umoja wa Ulaya kama Cyprus ilivyoingia 2004, ikiwa imegawanyika. Kura ya maoni ya Oktoba 2024 kuhusu lengo la kujiunga na Umoja huo ilipita kwa asilimia 50.35 tu, kwa hiyo naelewa haraka yao: wakingoja pande mbili za mto ziungane, mlango unaweza kufungwa. Hofu yangu ni mgogoro kuzoeleka hadi wakazi wa upande ule wahesabiwe kuwa mzigo. Wengi wao wana pasipoti za Moldova. Ni wapiga kura. Lakini katika uchaguzi wa bunge wa Septemba 2025 walitengewa vituo 12 tu, wakati uchaguzi wa rais wa mwaka mmoja kabla vilikuwa 30. Serikali ilitaja usalama, na ununuzi wa kura kwa fedha za Kirusi ni jambo la kweli kabisa. Bado mama wa Rîbnița aliyevuka daraja ili apige kura yake ni raia wa Moldova sawa na yule wa Chisinau, na kituo chake kilipaswa kuwa wazi karibu naye.