Yaliyoanikwa Kwenye Uso wa Kompyuta Yako

Mwaka jana nilikuwa Chake Chake nikiendesha mafunzo ya siku tatu kwa makarani na walimu kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za afisi. Siku ya pili mshiriki mmoja, mwalimu wa skuli ya msingi, alijitolea tutumie kompyuta yake. Waya wa projekta ulipochomekwa, ukuta mzima ukajaa maisha yake: ZanID ya mumewe, kile kitambulisho cha Mzanzibari, iliyopigwa picha, barua ya kuomba mkopo, faili lililoitwa "mirathi ya baba 2", maswali ya mtihani ambao wanafunzi walikuwa bado hawajaufanya, majibu ya vipimo vya hospitali yenye jina la mtoto. Picha iliyotanda nyuma ya yote ilikuwa ya harusi, bibi harusi kaketi bila ya mtandio. Mwalimu aliinuka mbio. "Mwalimu, nisitiri," aliniambia, "ifunge hiyo." Niliifunga, lakini watu wote chumbani walikuwa wameshaiona.

Tangu siku ile sianzi mafunzo bila ya kuuzungumzia uso wa kompyuta, ule ukurasa wa mwanzo unaokuja ukishaandika nywila. Wengi huuita desktopu, na wafasiri wa programu wameuita eneokazi. Nimefanya kazi ya kumbukumbu kwa miaka mingi, na sijaona mahali pengine ambapo mtu hujieleza waziwazi kama pale, maana pale hadhani kama kuna mtu atamsoma.

Wahandisi wa kampuni ya Xerox kule Marekani walipoitoa kompyuta ya Star mwaka 1981, walitaka karani aione skrini kama meza yake ya afisi, yenye karatasi na folda. Apple walifuata njia hiyo kwa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, na Windows 95 ikauzoesha ulimwengu mzima. Hapa kwetu wengi tulisomea juu ya jamvi, au barazani taa ikiwa karibu. Meza ya kwenye skrini ndiyo meza ya mwanzo tuliyowahi kuwa nayo peke yetu, na naona tumeitumia tulivyoizoea baraza: kitu huwekwa hapo kwa muda, mpaka apatikane wa kukiingiza ndani.

Ndiyo maana nawasihi wakuu wa afisi wasikimbilie kumwita mtu mvivu kwa sababu skrini yake imejaa. Mwaka 1983 mtafiti Thomas Malone alichapisha utafiti kuhusu jinsi watu wanavyopanga meza zao za kazi, akaonesha kuwa rundo la karatasi lina kazi yake: linamkumbusha mtu jambo ambalo hajalimaliza. Mwaka 1995 Deborah Barreau na Bonnie Nardi wakaona mambo hayohayo ndani ya kompyuta. Mtu huliweka faili pale ambapo jicho lake litaligonga. Kwa maneno yetu, vile ni viporo. Ukiutazama uso wa kompyuta ya mtu, kabla ya tabia yake unaona yale anayoogopa kuyasahau.

Viporo hivyo vina namna ya kusomwa. Windows hupanga ikoni, vile vipicha vidogo vya mafaili, kuanzia juu kushoto na kushuka, kwa hiyo zilizoko upande huo huenda zimejipanga zenyewe. Faili lililokaa peke yake upande wa kulia limebebwa kwa mkono mpaka pale, na mwenyewe ana sababu. Ukikuta folda iitwayo "Desktopu ya zamani", na ndani yake nyengine "Desktopu ya 2019", ujue hapo pamefagiliwa kwa haraka alipotarajiwa mgeni, taka zikasukumwa chumba cha nyuma. Ukikuta "ripoti ya mwisho", "ripoti ya mwisho kabisa" na "ripoti ya mwisho kabisa sahihi", usimlaumu aliyeandika. Mara nyingi anayeonekana hapo ni bosi wake, asiyejua anachokitaka.

Kuna na historia. Umeme wa gridi ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, sisi tuliokuwa na kazi za kompyuta tulikuwa tukisubiri jenereta liwashwe kwa saa chache. Kila faili la haraka tuliliweka mbele, tusipoteze hata dakika moja kulitafuta. Umeme ulirudi, mazoea yakabaki. Baadhi ya wenzangu wa umri wangu mpaka leo hawaweki kazi ndani ya folda, na sababu naijua.

Kwenye tabia hasa, nakuombeni tuwe waangalifu. Utafiti wa mwanasaikolojia Sam Gosling na wenzake wa mwaka 2002 uliwaingiza watu katika afisi na vyumba vya kulala vya wasiowajua. Waliweza kukisia vyema kama mwenyewe ni mtu wa mpango na kama anapenda mambo mapya, lakini upole wake ulikuwa mgumu zaidi kuusoma. Vile vilikuwa vyumba, si skrini, na chumba angalau kina mwenyewe. Kompyuta ya afisi huweza kuwa na wenyewe watatu. Picha ya vilima vya kijani ya Windows XP, aliyoipiga Charles O'Rear huko California mwaka 1996, ilikaa miaka kwenye skrini nyingi duniani, na aghlabu ilieleza jambo moja tu, kwamba hakuna aliyeibadilisha. Skrini tupu nayo isikudanganye, kwani ikoni zote huweza kufichwa kwa menyu inayokuja ukibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya. Nyumba usiyolala ndani huijui hila yake.

Linaloniuma zaidi ni maduka ya kuchapisha. Unaingia na flashi yako, kijana anakunakilia faili kwenye uso wa kompyuta, anachapisha, unalipa, unaondoka. Faili limebaki. Nimesimama kwenye duka moja mjini nikahesabu kwa macho pasi za kusafiria, vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja na hata barua ya posa, vyote vina majina kamili na kila aliyeingia anavisoma. Karafuu tunazianika juani kwa kuwa zinataka jua. Cheti cha mtoto wako hakilitaki. Usione haya kumwambia kijana, "Mwanangu, lifute mbele yangu, na kwenye pipa la taka pia." Kulifuta kwenye uso peke yake hulipeleka pipani tu, na pipani linarudishwa.

Tena uso wa kompyuta si ghala. Kwa kawaida kila kilichoko pale kimo ndani ya diski C, pamoja na Windows yenyewe. Fundi akiifuta diski hiyo ili apige Windows upya bila ya kunakili mafaili yako, yanaondoka yote. Ikoni yenye kishale kidogo pembeni si faili hata kidogo, ni njia ya mkato, inaonesha tu faili lenyewe liliko. Nimewaona watu wakivuka bahari kutoka Pemba wakidhani wamebeba ripoti ya mwaka mzima, kumbe flashi ina vishale vitupu. Kabla ya kuondoka, lifungue faili lako kwenye kompyuta nyengine. Ukiinuka kwenda kusali au kula, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini ijifunge.

Mwalimu yule wa Chake Chake alirudi siku ya tatu, uso wa kompyuta yake umesafika. Mafaili ya skuli yamekwenda kwenye folda ya skuli, ya nyumbani yamewekewa nywila, picha ya harusi imeondolewa. Katikati aliacha faili moja tu, tarehe ya mtoto kurudi hospitali, na jina la mtoto limo kwenye jina la faili. Aliniuliza kama hilo nalo aliondoe. Nilimwambia aliache hapohapo macho yake yaliposhazoea, abadilishe jina tu. Akafikiri kidogo, akaandika "Alhamisi".